Kipimo cha Ugali kwenye Gari la Manju

Vijana wa gereji, siku niliporudisha funguo za kabati la vifaa mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: msiyasome kwa sauti mbele ya wateja, maana baadhi yao wamo humu. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Katika kufunga matairi kuna vyeo viwili tu, aliye ndani ya gari na aliye chini yake, na mimi miaka yote nilikuwa chini. Kuhusu mshahara pia nanyamaza. Anayetaka kujua aje Bariadi atazame nyumba yangu, atapata jibu kabla hajakaribishwa kiti.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Athumani, fundi mkuu, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye kofia iliyokunywa grisi mpaka mvua ilikuwa haipiti. Mimi nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye ng'ombe wa baba. Kwato nilizijua zote, lakini kuhusu matairi nilijua tu kwamba ni meusi. Mzee Athumani alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akanipa dumu tupu.

"Nenda pale kituo cha mafuta wakujazie upepo," akasema. "Ukishajaa funga kizibo haraka. Upepo wa huku ni mwepesi, unatoroka."

Nikaenda. Yule wa kituoni wala hakucheka. Aliniuliza nataka upepo wa matairi ya mbele au ya nyuma, nikamwambia achanganye. Nikarudi na dumu kichwani, natembea taratibu kama nimebeba maziwa ya mgonjwa. Mzee Athumani akafungua kizibo, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Umevuja nusu nzima. Rudi."

Nilikuwa katikati ya safari ya pili nilipoelewa. Hasira ilinipanda, halafu nikaona haisaidii, nikapita bombani na kulijaza lile dumu maji. Nilipofika, mzee akafungua, akainama kutega sikio kama mara ya kwanza, na mimi nikaliinamisha dumu. Alilowa hadi kifuani.

"Samahani mzee," nikamwambia, "upepo umepatwa na mvua njiani."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi la trekta. Kuanzia siku ile alianza kunifundisha kwa dhati, na nadhani kama ningelia au ningenyamaza ningebaki mbeba dumu.

Alinifundisha kusikiliza nati inapokaza, kwa sababu nati iliyokaa vizuri hulia tofauti na iliyopanda mshazari. Alinifundisha kutosimama mbele ya rimu ya lori yenye pete wakati wa kuijaza upepo. Hilo sikulichukulia uzito mpaka siku pete moja iliporuka, ikapasua bati la paa na kwenda zake. Hatukuwahi kujua ilitua wapi. Tulisubiri wiki nzima mtu aje kulalamika, hakuja, tukaziba tundu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna mzee wa Nyashimo aliyetaka mkokoteni wake wa ng'ombe ufungwe matairi ya gari dogo yenye beringi mpya, uwe mwepesi. Nilimuonya, akasisitiza, nikamfungia. Kwenye mteremko wa kwanza mkokoteni ukawapita ng'ombe. Alirudi akiwa amekasirika sana, ng'ombe wakiwa wamekasirika zaidi, akanidai nimrudishie uzito wake.

Lakini somo lililonilisha kuliko yote ni la kipimo cha ugali, na ndilo hasa ninalotaka kulieleza.

Mteja akitaka matairi makubwa kuliko yale ambayo gari lake lilitengenezwa nayo, swali la kwanza ni kama yatazunguka bila kugusa kitu. Macho hayatoshi kulijibu. Gari likiwa limesimama tupu, kila mahali pana nafasi. Matata huja likishabeba watu, likaingia shimoni huku usukani umekatwa hadi mwisho. Mzee Athumani alikuwa anabandika madonge ya ugali ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika matairi, kwenye kila kona ambayo tairi linaweza kufika. Kisha anajaza watu garini, linasukumwa mbele na nyuma, usukani unakatwa kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Baadaye anachoma kila donge kwa msumari. Donge likibaki nene, pale pana nafasi. Likiwa limebanwa kama chapati, pale tairi litagusa, na bati lazima likunjwe.

Ugali wenyewe uwe wa udaga, ule unga wa muhogo, siyo wa mahindi. Ule wa mahindi hukauka ukapasuka na kuanguka, na mkate ukiubonyeza unajirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wa udaga ukibonyea umebonyea. Uache upoe na kushika kabla ya kuuchoma msumari. Msiniulize madonge yalikwenda wapi kazi ikiisha. Mbwa wa gereji alikuwa na manyoya yanayong'aa.

Mzee Athumani alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nikaendelea na ugali wake. Sikuwahi kukosea hata mara moja, mpaka lilipokuja gari la manju Kulwa, mwimbaji na kiongozi wa ngoma.

Lilikuja likivutwa na maksai. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la zamani, la milango miwili, jekundu lililochoka, lenye dirisha la kufunguka juu ya paa. Taa zake za mbele zilikuwa za kujificha, na mojawapo ilikuwa imejificha moja kwa moja. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba kuku asingepita chini bila kuinama. Mbele ya maksai alitembea Doto, na ndani ya gari, ameshika usukani kwa heshima zote, alikaa pacha wake Kulwa.

Kwa mliokulia mjini nieleze kidogo. Kwetu ngoma zina pande mbili, Bagalu na Bagika, na mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa na ukoo wake. Mavuno yakiisha, manju wa upande huu anakutana na manju wa upande ule, kila mmoja na wachezaji wake, uwanja mmoja, siku moja. Hakuna jaji wala kura. Watazamaji wanatembea wenyewe, na aliyezungukwa na watu wengi jua linapoinama ndiye mshindi. Ndiyo maana manju hulala akiwaza kituko kipya, na wengine huongeza samba, ile dawa ya kuvuta watu.

Kulwa alikuwa manju wa Bagalu kule Mwamapalala. Doto ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake.

"Mwadeela, fundi Mayunga," Kulwa akanisalimu.

"Mwadeela, manju. Mhola?"

"Mhola duhu. Isipokuwa hii gari. Nataka uipandishe juu. Uifunge matairi makubwa, ivuke matuta, iingie uwanjani mimi nimetokea kwenye paa. Binti yangu Minza ataendesha."

"Kuna haraka gani?"

Doto ndiye aliyejibu, bila kugeuka, anafungua nira. "Haraka ni mimi. Misimu miwili Lugata wa Kiloleli anatufunga. Mara ya mwisho alileta chatu, watu wote wakaenda kwake. Mimi nilipigia mbuzi, fundi. Mbuzi na bibi mmoja aliyekuwa amelala. Nimemwambia Kulwa, msimu huu tukishindwa tena, nachukua ngoma yangu nahamia kwa Lugata."

Alipowapeleka maksai kunywa maji, Kulwa alibaki anakwaruza rangi ya mlango kwa ukucha. "Tulizaliwa siku moja," aliniambia taratibu. "Nikiimba, yeye anajua nitapumua wapi. Watu wote wakiniacha naweza kuimba. Doto akiniacha, siwezi."

Nilimhurumia sana. Ila kulikuwa na jambo ambalo Bariadi nzima ililijua.

"Manju, unajua mimi ni Mgika kama Lugata?"

"Najua. Nimekuja kwako kwa sababu mafundi wengine wote wamesema gari haifai. Wewe hata ukinihujumu, angalau utakuwa umeigusa."

Nikamweleza kwa uaminifu hasara za matairi makubwa. Kwamba gia zitakuwa nzito, gari litachelewa kuondoka. Kwamba breki zitafanya kazi zaidi. Kwamba spidi mita itadanganya, itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule anaokwenda.

"Spidi mita haijasema kitu tangu nimenunua," akajibu. "Ikianza kudanganya nitafurahi, nitajua iko hai."

Rimu tulizipata Mwanza. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wenu mnaharibu. Kwanza hesabu matundu ya bolti, na umbali kati ya tundu na tundu, usiridhike kwamba idadi inalingana. Pili, tazama tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, weka pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka mpaka dereva aanze kuombewa. Tatu, angalia rimu inakaa ndani kiasi gani. Ikiingia sana tairi linakula shokapu, ikitoka sana linakula digadi. Zile za Kulwa zilitoka kidogo. Nikasema hilo tutalimaliza kwa mchi.

Ndiyo, mchi wa kinu. Ukishajua donge lipi limebanwa, unapachika mchi kati ya tairi na mdomo wa digadi, wenzako wanalisukuma gari polepole mbele na nyuma, na mchi unaukunja ule mdomo ndani bila kupasua rangi. Mchi tuliazima kwa Mayu Kabula, mama aliyekuwa akitupikia pembeni ya gereji, ambaye pia ndiye aliyetupa ugali. Alikuwa mama mwenye huruma isiyo na mipaka. Ukimwambia umeshiba anadhani unaumwa.

Tukabandika madonge kona zote. Wachezaji wa Kulwa wakajazana garini hadi springi zikalalamika. Tukasukuma, tukakata kushoto, tukakata kulia, kisha tukaenda kula ili ugali ushike. Niliporudi na msumari, madonge matatu ya mbele yalikuwa yamebanwa kweli. La nne, lile la mbele kushoto kwenye kona, lilikuwa nene, zuri, mviringo kabisa. Nilishangaa kidogo. Lakini magari ya zamani hayako sawasawa pande zote, mengine yaligongwa yakanyooshwa, na ugali haukuwahi kunidanganya. Nikakunja midomo mingine yote, ile ya kona ya mbele kushoto nikaiacha ilivyo.

Nikalijaribu gari barabarani, likaenda vizuri, refu, lenye maringo. Kushoto hadi mwisho sikukata. Kwenye lami nani anakata hadi mwisho?

Siku ya ngoma nilipanda pikapu moja na Mayu Kabula, yeye na masufuria yake ya biashara. Ukoo wangu mzima ulikuwa upande wa Lugata, na mimi nilijua vizuri ninapotakiwa kusimama. Nilisimama katikati, karibu na masufuria, kama mtu asiyeamua kati ya pilau na makande.

Mambo ya Kulwa hayakwenda vizuri. Lugata alikuwa na chatu yule yule, ila sasa alimvika shanga, na watu walimzunguka safu juu ya safu. Upande wa Kulwa ulikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Kulwa aliimba, sauti ikakwaruza, akaimba tena. Gari alikuwa amelificha nyuma ya vichaka, analiweka akiba kwa dakika za mwisho, na mimi nilikuwa nasema moyoni, litoe sasa, mzee, litoe. Ndipo Doto akaacha kupiga. Alisimama, akaining'iniza ngoma begani, akaanza kukata uwanja kwenda kwa Lugata. Hakukimbia. Alitembea anaangalia chini, na watu wakampisha, kwa sababu kila mtu alijua ni pacha wa nani.

Kulwa alimwona. Akatokomea vichakani, wachezaji wanne wakamfuata kusukuma, na mara injini ikanguruma.

"Lile ndilo gari letu?" Mayu Kabula akauliza kwa furaha. "Lilivyopendeza! Na mimi nimechangia pale."

"Umechangia ugali, mayu. Wabeja sana."

"Siyo ugali tu. Siku ile mlipokuwa mnakula, kuku wangu alidonoa donge lako moja, la mbele pale upande wa kushoto. Alilila lote, mshenzi yule. Nikaona fundi ataumia roho, nikakubandikia lingine. Tena nikalinenepesha."

Donge nene, zuri, mviringo kabisa. Kwenye ile kona nilikuwa nimepima huruma ya Mayu Kabula.

Gari lilikuwa limeshaingia uwanjani, Minza kwenye usukani, Kulwa ametokeza kwenye paa hadi kiunoni na usinga mkononi, wachezaji wanne wamebanana nyuma. Lingekata kushoto na mzigo ule, mdomo wa digadi ungelikamata tairi. Nikakimbia. Nilikimbia uwanjani mbele ya ukoo wangu wote na ukoo wa Kulwa wote, mtu mzima na suruali yangu ya sikukuu, nikipunga mikono.

"Kulwa! Usikate kushoto! Kushoto hapana!"

Sasa fikirini alichokiona Kulwa. Ameshindwa misimu miwili, pacha wake anaondoka mbele ya macho yake, na Mgika anatoka mbio upande wa adui anamkataza kwenda kushoto. Mtu yeyote wa Mwamapalala angeelewa kama alivyoelewa yeye: bahati yake yote iko kushoto, na Lugata ameshaijua.

Akapiga paa kwa usinga. "Minza! Kushoto! Mpaka mwisho!"

Minza akakata. Nikasikia bati likilia, kisha mdomo wa digadi ukajifunga nyuma ya bega la tairi, na usukani ukagoma kurudi. Gari likaanza kuzunguka. Likamaliza duara la kwanza, likaingia la pili. Kila vibonge vya tairi vilipopita kwenye bati vilikwaruza, na sehemu moja ya bati ilikuwa imepinda zaidi, ikawa inatoa mlio mzito kila baada ya mikwaruzo michache. Gwe-gwe-gwe-ndu. Gwe-gwe-gwe-ndu.

"Simama!" nikampigia kelele Minza alipopita mbele yangu.

"Baba kasema nisisimame!" akanijibu dirishani. "Stata imekufa, ikizimika haiwaki!"

Kulwa juu ya paa alijua sasa kwamba kuna kitu kimeharibika. Nilimwona usoni. Alitazama usukani usiorudi, akanitazama mimi, akatazama mgongo wa Doto kule mbali. Halafu akafungua mdomo na kuimba kile kilichokuwepo. "Fundi kasema usikate kushoto," akaimba, "mimi nimekwenda kushoto nione." Sauti ile iliyokuwa imekwaruza tangu asubuhi ikatoka safi.

Doto alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Alisimama. Hakugeuka, ila bega lake lenye ngoma lilianza kutikisika kidogo, gwe-gwe-gwe-ndu. Mpiga ngoma akisikia mdundo mbovu anaweza kuupuuza, lakini ule ulikuwa mzuri na ulikuwa unakosa mtu wa kuujibu. Alihangaika pale kama mtu aliyeumwa na siafu mahali pasipokunika hadharani. Kisha akaitua ngoma chini, pale pale aliposimama, akaujibu.

Sijasikia kitu kama kile maishani mwangu. Kulwa akiimba, gari linakwaruza, Doto anapiga, na pale Kulwa alipovuta pumzi Doto aliijaza ile nafasi kama ambavyo amekuwa akiijaza tangu wakiwa watoto. Wachezaji waliobanwa garini wakatoka madirishani, gari likiwa linatembea, wakaanza kucheza nyuma yake kwa kulizunguka. Mimi nilikuwa nimekwama ndani ya duara, sina pa kutokea, na kila nilipojaribu kupita watu walidhani nacheza, wakanishangilia.

Na watu wakaja. Wakaja kwanza watoto, kisha kina mama, kisha wazee wa ukoo wangu mwenyewe, wanatembea kwa aibu na mikono nyuma kana kwamba wanakwenda kutazama ng'ombe wa mtu. Mwishowe alikuja Lugata, amembeba chatu shingoni, kwa sababu pale kwake alikuwa amebaki na chatu tu. Alitazama mzunguko mmoja mzima. "Hii," akasema, "mimi sina dawa yake." Jua lilipoinama, gari liliishiwa petroli, likakohoa, likainamisha pua na kunyamaza. Umati ulidhani limewapigia magoti, wakashangilia mpaka masikio yangu yakaziba.

Kulwa alishuka kutoka kwenye paa. Doto alikuwa bado ameiinamia ngoma. Kulwa aliinyanyua ngoma akaibeba yeye, na mimi nikajifanya natafuta jeki, maana macho yalikuwa yamenijaa.

Wiki zile zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu. Bagika walisema nimewauza, kwamba nilimtilia Kulwa samba kwenye matairi. Bagalu walisema hivyo hivyo, ila wao waliniletea kuku wa shukrani. Nilieleza habari ya donge la ugali kwa kila aliyetaka kusikiliza, na hakuna upande ulioamini. Mjomba wangu aliniambia kama nimeamua kudanganya nitafute uongo wenye akili.

Lakini kabla ya hayo, asubuhi ya pili yake, maksai walilivuta tena gari hadi gereji. Safari hii Doto hakutembea mbele. Alikuwa amekaa ndani, kiti cha abiria, ngoma mapajani, magoti yamefika kidevuni.

"Mwangaluka," nikawasalimu. "Poleni kwa jana. Lilikuwa kosa la kipimo, nitalirekebisha bila maneno."

Nikapiga jeki, nikalitoa tairi. Mdomo wa digadi ulikuwa umepinda na kung'aa kwa kusuguliwa, na bega la tairi limekwaruzika kidogo, siyo la kutupa. Nikachukua mchi.

"Unafanya nini?" Doto akauliza.

"Naukunja huu mdomo ndani. Hautagusa tena."

"Na ile sauti?"

"Itakwisha kabisa."

Doto alitoka garini. Alimtazama pacha wake, akanitazama mimi, akapapasa ngozi ya ngoma kwa kiganja. Hakuwa anatania.

"Basi fundi, ukimaliza nionyeshe gari ya kwenda Kiloleli kwa Lugata."

Kulwa alikuja akaweka mkono wake juu ya mchi wangu. Mkono ulikuwa mzito. "Acha," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Acha hivyo hivyo."

Vijana, kazi yangu yote ilikuwa kuondoa kelele kwenye magari ya watu. Mzee Athumani angenivua kofia kichwani kwa kuachia gari litoke na kasoro niliyoiona kwa macho yangu. Nikawaambia barabarani watafunga rimu zao ndogo za zamani, na hizi kubwa ni za uwanjani tu, mwendo wa kutembea, na wakikiuka nitakuja Mwamapalala kuzichukua mwenyewe. Wakaapa, wote wawili kwa pamoja, kwa sauti moja.

Nikauegemeza mchi ukutani. Nikalirudisha tairi, nikakaza nati nikisikiliza kila moja inavyokaa, na pacha wale wakiwa wamesimama bega kwa bega wananitazama, nikashusha jeki.